Hewa iliyofungwa ndani ya mawe ya Tanga

Jiwe safi la chokaa lenye uzito wa kilo 100, likichomwa likaiva sawasawa, hutoka kwenye tanuri likiwa na kilo 56. Kilo 44 zimeingia hewani. Hesabu hii naiandika ubaoni kila mwaka nikifundisha kemia, na hakosekani mwanafunzi wa kuuliza hizo kilo 44 zimeondokaje bila mtu kuziona. Kwa mtoto wa Tanga swali hilo ni la nyumbani. Mapango ya Amboni ni jiwe la chokaa, msikiti wa kale wa Tongoni umejengwa kwa matumbawe na chokaa, na saruji inayotoka Pongwe inaanza na jiwe hilohilo. Nikitaka kueleza hewa ya dunia imetoka wapi na imebadilikaje, sijapata pa kuanzia pazuri kuliko tanuri la chokaa.

Mjomba wangu alikuwa mchoma chokaa Mwambani. Tanuri lao halikuwa jengo. Yalikuwa magogo yaliyopangwa duara, minazi iliyozeeka na mikoko, safu juu ya safu, katikati wameacha tundu la kuwashia. Juu ya magogo walipanga mawe ya matumbawe, makubwa chini, madogo juu. Moto uliwashwa jioni upepo ukishatulia, na usiku kucha rundo linanguruma na kudidimia taratibu. Likishapoa, mawe yanabaki juu ya jivu meupe pe, na sura yake ileile: bado unaona vile vitundu vya nyota walimoishi wadudu wa matumbawe. Lakini ukiliinua jiwe, mkono unapaa wenyewe, kwa sababu umejiandaa kwa uzito ambao haupo tena.

Halafu linamwagiwa maji. Hapo sisi watoto tulifukuzwa. "Mjomba, rudi nyuma, hii inapofua!" Nasi tulirudi, lakini si mbali. Jiwe linafyonza maji kwa mlio wa mafuta ya moto, mvuke unapanda, linavimba, linapasuka, kisha linaporomoka lote kuwa unga laini. Unga huo ndio ulipimwa kwa debe na kuuzwa kwa mafundi wa lipu.

Kilichotokea motoni ni hiki. Jiwe la chokaa ni kalsiamu kaboneti. Joto likikaribia nyuzi 900 za Selsiasi, jiwe linaachia hewa ukaa, yaani kabonidayoksaidi, na kinachobaki ni oksaidi ya kalsiamu. Maji yakimwagwa juu yake inakuwa haidroksaidi ya kalsiamu. Na fundi akishaikandika ukutani, inaanza kuivuta tena hewa ukaa kutoka hewani, kidogo kidogo, miezi na miaka, mpaka ukuta unarudi kuwa jiwe lilelile lililoingia kwenye tanuri. Lipu ya chokaa ikikauka maji tu haijamaliza kazi, kwani ugumu wake wa kweli unatokana na hewa.

Kwa hiyo ukienda Tongoni ukaweka kiganja kwenye ukuta wa ule msikiti, au kwenye lile kundi la makaburi yenye nguzo, unagusa hewa ya zamani. Vasco da Gama alipita maji haya mwaka 1498, na hewa iliyokuwapo enzi za wajenzi wale imo ndani ya chokaa yao, imekaa kama jiwe. Nasema jambo ambalo wataalamu wa mambo ya kale wanalifanyia kazi: wanachukua chembe za chokaa kutoka kuta kuukuu na kupima kaboni 14 iliyomo, aina ya kaboni inayotoka angani na kupungua kwa kasi inayojulikana kadiri miaka inavyopita, kwa sababu kaboni hiyo iliingia siku ukuta ulipokuwa mbichi.

Mtu wa kwanza kuifuatilia hewa hii kwa mizani alikuwa Joseph Black, daktari wa Scotland, katika miaka ya 1750. Alipima uzito kabla ya kuchoma na baada ya kuchoma, akaona kinachopotea ni hewa ya aina ya pekee iliyokuwa imefungwa ndani ya kitu kigumu. Akaonyesha pia kwamba hewa hiyohiyo inatoka katika pumzi zetu, kwa kuwa inayageuza maji ya chokaa kuwa meupe. Jaribio hili nalifanya darasani kwa mrija wa soda na glasi. Mwanafunzi anapuliza, maji yaliyokuwa maangavu yanaanza kuingia ukungu, kisha yanakuwa kama tui jepesi. Ule weupe ni jiwe la chokaa likizaliwa upya, na kaboni yake imetoka kifuani mwa mtoto aliyekunywa uji asubuhi. Hewa tunayoivuta ina hewa ukaa asilimia 0.04 hivi. Tunayoitoa ina karibu asilimia 4, mara mia.

Sasa tuikuze picha hiyo mpaka ienee dunia nzima.

Dunia ina umri wa miaka bilioni 4.5 na ushei. Hewa yake ya mwanzo ilitoka chini, kwenye volkano: mvuke wa maji, hewa ukaa kwa wingi, naitrojeni, na gesi za kiberiti kidogo. Oksijeni ya kuvuta haikuwapo. Anayetaka kuonja harufu ya gesi ya kiberiti aende chemchemi za maji moto za Galanos, kule Amboni. Ile harufu ya yai viza ni haidrojeni salfaidi. Watu wanakwenda kuoga wakitafuta nafuu ya ngozi na viungo, mimi nakwenda nikiwaza kwamba pua za viumbe, kama zingekuwapo enzi hizo, zingeijua harufu hii kuliko harufu ya upepo safi.

Jua nalo lilikuwa hafifu, mwanga wake pungufu kwa karibu asilimia 30 kuliko leo. Kwa hesabu ya haraka bahari zilipaswa kuwa barafu tupu. Carl Sagan na George Mullen waliliweka wazi swali hilo mwaka 1972, kwa maana mawe ya kale yanaonyesha maji yalikuwa yakitiririka. Jibu linalokubalika zaidi ni kwamba hewa yenyewe ilikuwa blanketi zito, yenye hewa ukaa nyingi kupita kiasi tulichonacho leo, na pengine methani pia.

Ile hewa ukaa nyingi ilikwenda wapi? Imo kwenye mawe. Sayari jirani yetu, Zuhura, ndiye shahidi. Angahewa ya Zuhura ni hewa ukaa zaidi ya asilimia 96, kanieneo yake ni mara 90 na kitu ya hapa kwetu, na ardhi yake ina joto la nyuzi 460 hivi. Ukikusanya kaboni yote iliyofungwa kwenye mawe ya chokaa ya dunia, unapata kiasi kinachokaribiana na kile kilichoko hewani kule Zuhura. Sayari mbili za ukubwa mmoja, kaboni karibu sawa, ila moja imeiweka angani na nyingine imeiweka ardhini. Nikisimama chini ya kuta za Amboni hili ndilo ninalolitazama. Watalii wanaangalia popo na maumbo ya mawe, wengine wanakwenda kwenye mzimu kuomba. Mimi naona hewa ambayo, lau ingekuwa huku nje, tusingekuwapo.

Kuna mto mmoja unaoonyesha kazi hiyo yote kuanzia mlimani hadi baharini, nao ni Zigi, ambao maji yake tunayanywa mjini kutoka bwawa la Mabayani. Unaanzia Amani, milima ya Usambara Mashariki. Mawe ya milima ile ni magumu na ya kale mno, yenye madini ya silikati. Mvua inaposhuka inabeba hewa ukaa kutoka angani, na ikipita kwenye udongo wenye mizizi na majani yanayooza inaongeza nyingine, inakuwa tindikali dhaifu. Tindikali hiyo inalila jiwe na kufungua kalsiamu, na hewa ukaa inageuka baikaboneti iliyoyeyuka majini. Mto unashusha vyote hadi bahari ya Tanga. Huko matumbawe, makombe na vijidudu visivyoonekana vinachukua kalsiamu na baikaboneti kujenga nyumba zao. Kwa kila molekuli mbili za hewa ukaa zilizochukuliwa mlimani, moja inarudi hewani wakati wa ujenzi, moja inabaki ndani ya jiwe. Harold Urey alieleza mzunguko huu mwaka 1952. Mwaka 1981 James Walker, Paul Hays na James Kasting wakaonyesha jinsi unavyojirekebisha: dunia ikipata joto mvua inaongezeka na mawe yanaliwa haraka, hewa ukaa inapungua, ikipoa, kazi inazorota na volkano zinapata nafasi ya kujaza tena. Volkano zetu zimo katika hesabu hiyo. Ol Doinyo Lengai, kule kaskazini, inatapika lava ya kaboneti, kitu ambacho hakuna volkano hai nyingine duniani inayokifanya leo.

Amboni penyewe ni hesabu tofauti kidogo. Pale maji yanalila jiwe la chokaa badala ya silikati, kisha tone likining'inia kwenye dari ya pango linaachia hewa ukaa kama soda iliyofunguliwa, na chokaa inaganda pale pale. Inayochukuliwa na inayorudi zinalingana. Lakini ni pazuri pa kumwonyesha mtoto kwamba jiwe na hewa hubadilishana.

Oksijeni ina historia yake, na ushahidi wake tunaukanyaga. Panda basi uende Muheza au Korogwe, tazama udongo mwekundu kati ya mistari ya mkonge. Wekundu ule ni chuma kilichoshikwa na oksijeni. Miaka bilioni tatu iliyopita udongo wa namna hiyo usingekuwapo, kwa sababu mvua ingekiyeyusha chuma na kukipeleka baharini kabla hakijapata kutu. Bahari za wakati huo zilijaa chuma kilichoyeyuka. Kisha sayanobakteria, viumbe vidogo vya majini, wakapata njia ya kutumia mwanga wa jua kuvunja maji na kujitengenezea chakula, na takataka yao ikawa oksijeni. Kwa muda mrefu sana takataka hiyo haikufika hewani, kwani ilikutana na chuma baharini, ikakigeuza kutu, kutu ikazama na kuwa matabaka mekundu na meusi. Chuma kingi tunachochimba duniani leo kimetoka kwenye matabaka hayo, Australia na Brazili zikiwa mbele. Mabati ya mapaa yetu na nondo za zege zina deni kwa viumbe hao.

Miaka bilioni 2.4 hivi iliyopita oksijeni ikaanza kubaki angani. Tarehe hiyo tunaijua kwa kiberiti. Pasipo oksijeni hakuna tabaka la ozoni la kuikinga dunia, na mionzi mikali ya jua inazivunja gesi za kiberiti angani kwa namna inayoacha alama ya pekee katika isotopu zake, yaani atomi za kiberiti zinazotofautiana kwa uzito. James Farquhar na wenzake walitangaza mwaka 2000 kwamba alama hiyo imo katika mawe ya kale na inatoweka katika mawe ya baada ya wakati huo. Napenda sana ushahidi wa aina hii. Hakuna aliyekuwapo, lakini jiwe liliandika.

Kwa viumbe wengi waliozoea hewa ya zamani, oksijeni ilikuwa sumu. Wazao wao bado wapo, wamejificha pasipofika hewa: ndani ya matope meusi ya mikoko, ambayo nayo ukiyachimbua yananuka yai viza, na ndani ya matumbo yetu. Waliobaki juu walijifunza kuitumia. Baadaye sana mimea ikapanda nchi kavu, oksijeni ikapanda nayo. Ule ukoo wa silikanti, samaki ambaye wavuvi wa Tanga wamemnasa mara nyingi katika nyavu zao na ambaye hifadhi yetu ya bahari imepewa jina lake, ulianza miaka kama milioni 400 iliyopita, enzi misitu ya kwanza inaota. Baada ya hapo misitu ya mabwawa ikazikwa bila kuoza, kaboni yake ikawa makaa ya mawe, na oksijeni ikazidi kiasi cha leo; wataalamu wanakadiria ilifika asilimia 30 au zaidi, ndipo wakawapo kereng'ende wenye mabawa ya zaidi ya nusu mita. Makaa yetu ya Ngaka, kule Ruvuma, ni mimea iliyozikwa zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita.

Leo hewa kavu ni naitrojeni asilimia 78, oksijeni karibu 21, na agoni iliyojikusanya polepole kutokana na potasiamu ya kwenye mawe, karibu asilimia 1. Lord Rayleigh na William Ramsay waliigundua agoni mwaka 1894, na mpaka siku hiyo binadamu wote walikuwa wameivuta bila kuijua. Hewa ukaa inakuja mwisho, sehemu mia nne na kitu katika milioni.

Mmea wetu wa mkonge unaichukua usiku. Mchana vitundu vya majani yake vimefungwa ili maji yasipotee, giza likiingia vinafunguka, hewa ukaa inahifadhiwa kama tindikali mpaka jua litoke. Richard Hindorf aliuleta mkonge Tanga mwaka 1893, na nadhani wachache kati ya waliokata majani yake tangu hapo waliambiwa kwamba shamba lote linavuta hewa wao wakiwa wamelala. Nilipolisoma hili chuoni nilisikia kudhulumiwa, nimekulia katikati ya mkonge na hakuna aliyenieleza.

Ile sehemu ndogo ya mwisho ndiyo inayoniumiza kichwa. Vipovu vya hewa vilivyonaswa ndani ya barafu ya Antaktika vinaonyesha kwamba kwa miaka 800,000 hewa ukaa ilicheza kati ya sehemu 180 na 300 katika milioni. Kabla ya viwanda ilikuwa 280 hivi. Charles David Keeling alipoanza kuipima kule Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa 315. Sasa imepita 420. Wapo wanaosema ni volkano. Volkano zote duniani hutoa chini ya tani bilioni moja kwa mwaka, nasi kwa kuchoma mafuta, gesi na makaa ya mawe tunatoa zaidi ya bilioni 35. Hans Suess alishaona katika miaka ya 1950 kwamba kaboni 14 ya hewani inazimuliwa na kaboni kuukuu isiyo na alama hiyo, yaani ya makaa na mafuta. Baadaye majaribio ya mabomu ya nyuklia yakaiongeza kaboni 14 kwa kishindo, ikafika kilele miaka ya 1960. Nyumba ya Ngamiani iliyopigwa lipu ya chokaa mwaka 1965 imekamata hewa yenye alama ya mabomu hayo, na ukuta wa Tongoni hauna. Mafundi wote wawili walifanya kazi ileile, kwa mwiko uleule.

Saruji inaendeleza kazi ya tanuri la mjomba kwa kipimo kingine kabisa. Utengenezaji wa saruji duniani unachangia takriban asilimia 7 au 8 ya hewa ukaa ya binadamu, na zaidi ya nusu yake inatoka ndani ya jiwe lenyewe, hata ukichoma kwa nishati safi namna gani. Zege nalo huirudisha sehemu fulani kadiri linavyozeeka, lakini si yote na si upesi. Siwalaumu wanaojenga. Nyumba yangu nami ni ya matofali ya saruji. Nataka tu tujue kinachotoka.

Na bahari inameza karibu robo ya tunachokitoa. Inapoimeza inazidi kuwa na tindikali: tangu enzi za viwanda pH, kipimo ambacho kikishuka tindikali imezidi, ya maji ya juu ya bahari imeshuka kutoka 8.2 hadi 8.1, na kwa kipimo cha pH hiyo ni tindikali zaidi kwa kama asilimia 30. Matumbawe yanajenga kwa shida zaidi katika maji hayo. Wale wanaolifunga jiwe upya ndio tunaowaharibia kazi, na hapa kwetu juu ya hilo wamepigwa baruti na wavuvi haramu kwa miaka mingi. Hili linanikera kuliko ninavyoweza kuandika.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne aliniuliza, "Mwalimu, kwa nini tusiirudishe tu kwenye jiwe?" Swali zuri mno, na wapo waliojaribu. Kule Iceland, kwenye kituo cha umeme wa joto la ardhi cha Hellisheidi, tangu mwaka 2012 wamekuwa wakiyeyusha hewa ukaa katika maji na kuisukuma chini kwenye mawe ya basalti. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba zaidi ya asilimia 95 ya iliyosukumwa katika jaribio ilikuwa imegeuka kaboneti, jiwe hasa, katika muda wa chini ya miaka miwili. Nilimwambia hivyo akafurahi, nami nikamwandikia ubaoni namba mbili: maelfu ya tani zinazofungwa kwa njia hiyo, na tani bilioni 35 na zaidi zinazotoka kila mwaka. Akazitazama, akauliza kama Mto Zigi na mito mingine haiwezi kuimaliza. Inaweza. Milima ikiachwa iliwe na mvua na bahari ikaachwa ijenge, hewa ukaa tuliyoitoa itarudi kwenye jiwe lote, katika muda wa miaka laki kadhaa.